Corolla 110 kutoka otomatiki kwenda manuali: kazi ya gereji moja ya Mwanjelwa, Mbeya

Upande wa vyuma, kazi ni safi. Fundi hakukubali giaboksi peke yake. Alidai seti nzima iliyotoka kwenye gari moja: giaboksi ya manuali ya C50, flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini linaloshikwa na klachi) na bolti zake, pedali, masta silinda ya klachi, sileva (silinda ya chini inayosukuma klachi), nyaya za gia na mauntini (vishikizo vya giaboksi). Gereji nyingi hukwama hapo. Bolti za pleti ya otomatiki si za flaiwili, na ukizilazimisha hazikazi inavyotakiwa. Klachi pleti, presha (bamba linaloibana pleti) na rilizi bearing ziliwekwa mpya, na pleti ikasentiwa kabla ya presha kukazwa, maana ikikaa upande shafti ya giaboksi haiingii. Oili ya gia ni lita 1.9 ya 75W-90.

Umeme ndio uliowashinda. Swichi ya P na N, ile ya otomatiki inayoruhusu gari kuwaka likiwa Park au Neutral tu, ikitoka, starta haipigi mpaka nyaya zake mbili ziunganishwe. Wao walizisokota na kuzifunga solotepu! Kwa mvua za Mbeya hiyo ni kutu tupu. Dai zichomewe risasi na zivalishwe mpira. Nyaya za taa za rivasi nazo zihamishiwe kwenye swichi ya giaboksi mpya. Na kuanzia hapo, gari litapiga starta hata likiwa ndani ya gia, litaruka.

Kushuka mlima Kitonga kwa gia ya pili, injini inashika vizuri na breki zinapumua. Pedali ya klachi ikizama, huenda bado kuna upepo kwenye sileva.

Kwa Corolla, nendeni. Kwa Mark II, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, waulizeni kwanza habari ya propela (shafti ndefu ya kwenda nyuma) na bearing ya nyuma ya krenki.