Prelude mpya au GR86?

Nina wiki ya pili na Honda Prelude mpya ya haibridi, nimeichukua huku Marekani baada ya kuuza Toyota GR86 yangu na kila mtu ananiuliza ipi kali. Kwa nguvu GR86 inaongoza, farasi 228 kwa 200, na gia unapanga mwenyewe kwa mkono, hiyo raha nimeshaimiss jamani. Ila Prelude ukitoka home alfajiri inateleza kwa umeme kimyaaa hata jirani haamki, halafu unabonyeza kitufe cha S+ inaanza kujifanya ina gia 8, mlio unapanda unashuka kwenye spika, mi nikacheka peke yangu. Mafuta sasa, hapo GR86 haifui dafu. Siti za nyuma kote kote weka begi tu.