Kolibri na kazi za nyumbani za hisabati: tathmini kutoka Tanga

Mwalimu wa hisabati hapa Tanga hakosi vya kuchagua mtandaoni. Ipo Khan Academy, taasisi isiyo ya kibiashara iliyoanzishwa Marekani na Salman Khan mwaka 2008, yenye video na mazoezi ya ngazi zote. Ipo GeoGebra, aliyoianza Markus Hohenwarter nchini Austria mwaka 2001, ambayo kwa grafu na jometri sijaona mfano wake. Na ipo maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambamo vitabu vya kiada husomwa bila malipo. Hata hivyo, linapokuja suala la kazi za nyumbani, kikwazo chetu si ubora wa masomo bali ni bando. Katika nyumba nyingi za Ngamiani, Makorora na Pongwe simu janja ni moja, nayo huondoka alfajiri na baba anayekwenda kununua samaki Deep Sea au na mama anayeuza Mgandini, ikarudi jioni haina chaji wala salio. Kumpa mtoto wa nyumba hiyo zoezi la mtandaoni ni kumwadhibu kwa kosa lisilo lake.

Ndiyo sababu ninayoitathmini hapa ni Kolibri, programu ya bure ya shirika la Learning Equality la Marekani, iliyotoka mwaka 2017 ikirithi KA Lite ya mwaka 2012. Masomo na mazoezi, yakiwemo ya Khan Academy, hupakuliwa mara moja au kuhamishwa kwa flashi hadi kwenye kompyuta moja ya shule, kisha kompyuta na vishikwambi vingine vilivyounganishwa na ruta (kifaa cha kusambaza mtandao) ya chumbani huyafungua kwa kivinjari cha kawaida, bila intaneti yoyote. Si lazima kompyuta iwe mpya. Mwalimu huunda darasa, huandikisha wanafunzi, huwapangia masomo na majaribio, na anaweza kuwagawa katika vikundi ili kila kundi lipate kazi inayolifaa.

Watu wengi wakisikia programu ya aina hii hufikiria video. Mimi video naziweka nyuma, kwa kuwa mwalimu mzuri mwenye chaki anaweza kuyafundisha hayo hayo, tena kwa lugha ya watoto anaowafahamu. Thamani ya Kolibri imo katika taarifa anazopata mwalimu baada ya kazi kufanyika, kwa sababu zinamwonesha si tu nani amekosa, bali ameandika nini. Katika jaribio fupi la sehemu nililowapa kidato cha kwanza, swali la kujumlisha 2/3 na 1/4 lilikosewa na wengi, na nilipofungua majibu ya mmoja mmoja nikakuta makosa mawili yasiyo na undugu. Kundi moja lilikuwa na 3/7, yaani limejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili (namba ya chini) kwa asili. Kundi la pili lilikuwa na 3/12: hawa walijua kwamba KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 3 na 4 ni 12, wakabadilisha asili, lakini kiasi wakakiacha kama kilivyokuwa. Ukirahisisha 3/12 unabaki na robo ile ile ya mwanzo, kana kwamba theluthi mbili hazikuongezwa kabisa, na kuwauliza tu ubaoni theluthi hizo zimekwenda wapi kuliwatosha kundi la pili kujirekebisha. Kundi la kwanza ilibidi nilirudishe kwenye michoro ya darasa la nne. Katika rundo la madaftari ya mkondo mzima, majibu yote hayo yangepata alama ya kosa ile ile kwa wino mwekundu, na mimi ningefundisha upya somo zima kwa watu ambao nusu yao hawakulihitaji.

Kuhusu kazi za nyumbani zenyewe, Kolibri ina njia nzuri: kishikwambi chenye programu yake hubeba masomo hadi nyumbani, mtoto akafanya zoezi, na matokeo yakaingia kwenye kompyuta ya shule kifaa kinaporudi kwenye mtandao wa ruta. Njia hii inahitaji shule yenye vifaa vya kuazimisha. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 waligawiwa walimu, na simu wanafunzi hawaruhusiwi kuja nazo, kwa hiyo sisi tunaigawa kazi sehemu mbili: zoezi hufanyika chumba cha kompyuta baada ya vipindi, na maswali machache ya aina ile ile huandikwa daftarini nyumbani.

Daftari lisiondolewe hata kama vifaa vingekuwepo. Zoezi la Kolibri hupokea jibu la mwisho tu, ilhali mtihani wa Taifa wa kidato cha nne unataka hatua zote zioneshwe, na katika muundo tuliouzoea maswali 10 ya sehemu A hubeba alama 6 kila moja, alama zinazogawanywa kwa hatua. Mtoto anayekokotoa pembeni na kuingiza 11/12 peke yake anajizoesha kupoteza alama.

Kasoro nyingine ni ya mazingira. Masomo ya Khan Academy yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili yamo, lakini ni machache kuliko ya Kiingereza, na maswali ya mafumbo yamejaa dola, maili na futi, vipimo ambavyo mtoto wa Chumbageni hana habari navyo. Mwalimu anaweza kutunga maswali yake, ya nauli ya bajaji kwenda Raskazone kwa mfano, ila hawezi kuyatunga ndani ya Kolibri yenyewe. Sharti aingie mtandaoni kwenye Kolibri Studio, ayapange huko, kisha ayapakue. Kwa programu inayojisifia kuishi bila intaneti, huo ni mzunguko wa ajabu.

Shule za msingi zina bahati zaidi, kwa kuwa Ubongo Kids, katuni za hisabati zilizotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kurushwa mwaka 2014, zinazungumza Kiswahili chao.

Anayetaka kuiweka shuleni kwake asipakue masomo yote ya Khan Academy, kwani ni makumi ya gigabaiti. Achague mada zinazolingana na azimio lake la kazi, yaani mpango wake wa kufundishia, azipakue mahali penye intaneti ya kasi, na azilete kwa flashi. Ruta nayo itafutiwe betri yake mapema, kwa maana umeme ukikatika kompyuta mpakato itaendelea kuwaka, lakini vishikwambi vyote vitapoteza mtandao katikati ya jaribio.