Antena ya dirishani baada ya chaneli ya Suns kufa: uzoefu wangu Phoenix

Ninayo antena hii tangu Oktoba 2023. Ni kipande cheusi cha plastiki, chembamba kama kitambaa cha kuwekea sahani mezani, kina waya wa mita tatu unaochomekwa nyuma ya TV. Nilinunua dola 25. Naandika kwa sababu bado nakutana na wenzetu hapa Phoenix, Marekani, wa kutoka Kigoma, Bujumbura, Uvira na Mombasa, wanaolipa kebo kila mwezi ili watoto waone Suns, timu ya mpira wa kikapu ya hapa, wakati mechi nyingi za Suns zinapita hewani bure.

Kabla ya hapo nilikuwa na kebo, na sababu ilikuwa hiyo hiyo moja. Suns walipofika fainali mwaka 2021 wakafungwa na Milwaukee Bucks mechi 4 kwa 2, mwanangu mkubwa alikuwa na miaka saba. Alilia mpaka akalala na jezi ya Booker, nyota wa Suns, mwilini. Ukiwa na mtoto wa namna hiyo hukati kebo. Mechi za msimu wa kawaida zilikuwa kwenye chaneli ya mkoa, Bally Sports Arizona, na njia za kuipata zilizidi kupungua: kampuni ya setilaiti ya Dish ilishaiondoa 2019, na huduma za TV za intaneti, YouTube TV na Hulu, wakaiondoa 2020.

Bili yangu ilikuwa na mstari unaosomeka ada ya michezo ya mkoa, dola kumi na kitu juu ya bei ya kifurushi. Jirani yangu, mzee wa Uvira, hakuwa anafuatilia mpira wa kikapu hata kidogo. Siku moja alikuja na bili yake nimsomee, nikakuta mstari ule ule. Akaniuliza, "Mwanangu, hapa nalipia nini?" Nilipomweleza alinyamaza, akaikunja ile karatasi mara nne na kuitia mfukoni.

Biashara yote ilikuwa imesimama juu ya watu kama yeye. Mamilioni ya nyumba, kila moja ikitoa dola kadhaa kwa mwezi, watazame wasitazame, na kutoka kwenye fungu hilo chaneli zilizilipa timu fedha nono za haki za matangazo. Watu walipoanza kukata kebo fungu likapungua, lakini mikataba na timu ilikuwa ya miaka mingi na haikupungua nayo. Kampuni ya Sinclair ilizinunua chaneli 21 za aina hii, yetu ikiwamo, Agosti 2019 kwa thamani ya dola bilioni 10.6, sehemu kubwa ikiwa mkopo, baada ya Disney kulazimika kuziuza. Watu walikuwa wameshaanza kuhama kebo wakati huo! Kampuni tanzu iliyozishika, Diamond Sports Group, ikabaki na deni la zaidi ya dola bilioni 8. Februari 2023 haikulipa riba ya dola milioni 140, na tarehe 14 Machi ikaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi kule Houston.

Hapa kwetu tuliona chaneli ikifa kipande kipande. Mmiliki mpya wa Suns, Mat Ishbia, alitangaza mapema mwaka huo kwamba mechi zitahamia kwa kampuni ya Gray Television, zirushwe bure hewani. Mahakama ikasema kwanza kwamba haki za Diamond zimekiukwa, lakini Julai Diamond ikaacha kushindana na dau la Gray na njia ikafunguka. Julai hiyo hiyo, tarehe 18, ligi ya besiboli yenyewe ikaanza kurusha mechi za Diamondbacks, timu ya besiboli ya hapa. Oktoba timu ya hoki ya Coyotes nayo ikaondoka na chaneli ikazimwa. Niliwahurumia watu wa kamera na wa sauti waliokuwa wakiishi kwa kazi ile. Angalau watangazaji wa Suns, Kevin Ray na Eddie Johnson, tulihama nao.

Timu ilikuwa imetangaza kugawa antena bure kwa wanaoomba, ila mimi sikutaka kusubiri. Tulipoitoa kwenye boksi niliibandika nyuma ya TV, ukuta wa kaskazini, na tukapata chaneli chache zinazokwama. Nilikumbuka nyumbani Morogoro nilipokuwa mdogo, antena imefungwa kwenye mwanzi, kaka yangu nje anaizungusha na sisi ndani tunapiga kelele: "Bado! Bado! Hapo hapo, usiiguse!" Safari hii mwanangu ndiye aliyeishika na mimi nikawa na rimoti. Tofauti ni kwamba zamani ulipata picha hata kama ina chenga, ukavumilia. Ya kidijitali haina chenga: utapata picha safi kabisa, au itavunjika vipande vya mraba na sauti ikatike.

Kilichotuokoa ni kujua minara iko wapi. Minara ya TV ya Phoenix iko juu ya South Mountain, na usiku taa zake nyekundu unaziona ukiwa mbali sana. Sisi tuko kaskazini ya mlima, kwa hiyo tulihamishia antena kwenye dirisha la jikoni linaloangalia kusini. Kisha nikaingia kwenye menyu ya TV, nikachagua "antena" badala ya "kebo" (ukikosea hapo haitapata kitu), nikaiacha itafute chaneli. Zikaja zaidi ya sitini. Chaneli 3 ya Gray ikatokea ikiwa safi, na ile yao ya michezo, Arizona's Family Sports, pia. Mwezi huo huo Diamondbacks walicheza World Series, fainali ya besiboli, na Texas Rangers, tukaiona yote kupitia chaneli ya Fox bila kulipa senti. Walifungwa, lakini nyumba ilijaa watu kila mechi.

Picha ni nzuri kuliko niliyoizoea kwenye kebo, hasa mpira unapokimbia kutoka goli moja kwenda lingine. Tena inawahi. Binamu yake mwanangu huangalia kwa programu ya simu, na amemkataza kabisa asimpigie mechi ikiendelea, maana sisi tunashangilia yeye bado anaona mpira mikononi mwa mchezaji.

Kasoro zipo. Mtu mzima akisimama mbele ya lile dirisha picha inaweza kukwama, na jikoni ndiko mama watoto anakopika wakati wa mechi, kwa hiyo waya tumeuzungushia juu ya kabati. Mechi zilizouzwa kwa mitandao ya taifa hazipo kwenye chaneli hizi, na baadhi zinahitaji malipo ya intaneti. Nilijaribu antena ghali yenye kuongeza nguvu, ya dola 60, sikuona tofauti yoyote nikairudisha. Na kwa besiboli haitoshi: mwaka 2024 mechi za Diamondbacks bila kebo nilizilipia dola 99.99 msimu mzima. Sinung'uniki sana kwa hilo, kwa sababu nalipa mimi ninayeangalia. Zamani ukiwa Phoenix hata ungelipia huduma ya ligi, mechi za timu ya mji wako ndizo zilizofungwa.

Jambo lililonikera halihusu antena. Chaneli ilishazimwa Oktoba, lakini ile ada iliendelea kuja kwenye bili yangu. Desemba nilipiga simu, nikasubiri dakika arobaini, nikaambiwa ada ni ya kifurushi chote, haihusiani na chaneli moja. Nilikata huduma siku hiyo hiyo. Kesho yake nilimpeleka yule mzee dukani, tukanunua antena kama yangu, tukaibandika kwake.

Siku hizi huja kwetu jioni za mechi ingawa kwake inashika vizuri tu. Alimpenda Durant, mchezaji wa Suns, na alipouzwa kwenda Houston mwaka 2025 alikaa wiki nzima akiniuliza kama hawawezi kumrudisha.

Naipa nyota nne kati ya tano. Mwezi ujao tunahamia nyumba nyingine, na tulipokwenda kuiangalia mwanangu alikwenda moja kwa moja dirishani kutafuta taa nyekundu za South Mountain. Zinaonekana.