Miezi minne ya mazoezi makali ya vipindi, nikiwa na miaka 49

Nina miaka 49, kazi yangu ni ya kukaa, na kila asubuhi nameza dawa ya presha. Natanguliza hayo ili msomaji ajue huu ni ushuhuda wa mwili wa namna gani.

Mwanzo nilijiunga na ukumbi mmoja wa mazoezi hapa Dar es Salaam. Darasa lilikuwa la tabata: sekunde 20 za nguvu zote, sekunde 10 za kupumzika, mara nane mfululizo. Dakika nne tu, nikajiambia, nani atashindwa? Tukawa tunaruka wote pamoja juu ya vigae, vijana wa chuo na mimi, kasi ileile. Wiki ya pili goti la kushoto likavimba, nikaacha.

Baadaye nilisoma asili ya mpangilio ule. Utafiti wa Izumi Tabata wa Japani, uliochapishwa mwaka 1996, ulifanywa kwa vijana waliozoea michezo, tena juu ya baiskeli ya mazoezi. Kwenye baiskeli goti halipigwi na sakafu. Iliniuma kwamba hakuna aliyenieleza hivyo kabla sijalipa.

Kikundi changu cha sasa hukutana Coco Beach Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, shilingi 5,000 kwa siku. Kocha aliniuliza kwanza kama daktari ameniruhusu. Kisha akanitembeza kwa kasi huku nikimsimulia safari yangu ya kutoka nyumbani. "Mama, ukisimulia bila kukatika, bado hujafika. Ukishindwa hata neno moja, umepitiliza. Nataka maneno mawili matatu, halafu uvute pumzi."

Ninachokipenda zaidi ni filimbi yake. Hulia kila dakika mbili, na ndani ya dakika hizo kila fungu la wanakikundi lina kazi yake. Fungu la kwanza hutembea mbiombio sekunde 30, kisha polepole sekunde 90. La pili hukimbia dakika moja na kutembea dakika moja. La tatu, la vijana, hupiga sekunde 20 kwa 10 mara nne. Tunaanza pamoja, tunamaliza pamoja, na hakuna anayeachwa nyuma akijiona mzigo.

Wenye saa za mkononi zinazopima mapigo ya moyo hutumia hesabu ya 220 kutoa umri, kukadiria mapigo ya juu kabisa kwa dakika. Kwangu ni 171, kwa hiyo asilimia 80 ya kulenga ni kama mapigo 137. Lakini dada mmoja kati yetu anatumia atenolol, dawa inayopunguza kasi ya moyo, hivyo namba hiyo haimfai kabisa. Yeye hupimwa kwa maneno tu.

Kilo zimepungua mbili, si zaidi. Dawa ya presha bado ni ileile. Ila ofisini napanda hadi ghorofa ya nne bila kusimama, na zamani ya pili ilinikalisha. Kasoro ninayoiona ni kupasha mwili moto: dakika tatu hazitoshi kwa wenye umri wangu, nami huja mapema nikaanza peke yangu. Mchanga mlaini nao hutesa vifundo vya miguu, afadhali ule uliolowa.

Mwezi wa tatu nilihamia fungu la pili. Nikiwa sijalala vizuri narudi la kwanza, na kocha hupuliza filimbi yake kama kawaida.