Feni ya prosesa kwa mashine uliyoiovakloki hapa Mwanza: ipi ununue, ipi uache

Wadau nianze na hesabu moja maana bila hiyo mtu anauziwa taa za rangi akidhani amenunua kitu cha kupoza. Kuovakloki ni kuilazimisha prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ikimbie kuliko spidi ya kiwandani. Ukiitoa 4.0 GHz ukaipeleka 4.5, na volti ukazitoa 1.2 ukaweka 1.35, joto halipandi sawa na spidi, volti zinahesabiwa mara mbili yani volti mara volti, kwahiyo umeongeza spidi asilimia 12 na nusu lakini joto limepanda kama asilimia 42. Hapo ndo kile kifeni kilichokuja na boksi la prosesa kinapozidiwa.

Sasa ongeza na Mwanza yetu. Vipimo vingi tunavyoviona mtandaoni wanapimia kwenye chumba cha digrii 20 au 21, mimi chumba changu kipo Mabatini juu kwenye mawe, bati halina dari, saa nane mchana ni digrii 30. Feni ya hewa haiwezi kuipoza prosesa ikawa chini ya joto la chumba, kwahiyo wao wakikwambia imekaa 70 wewe jumlisha 9 au 10 yako. Na tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa kama sehemu moja ya kumi, feni inazunguka vilevile ila inabeba joto pungufu kidogo. Ndo maana nasema nunua yenye akiba, usinunue inayotosha kwa kubanabana.

Mashine yangu ni i7-4790K, prosesa ya 2014, ipo kwenye bodi ya Z97, naeditia video za harusi na sendofu, nimeiseti 4.6 GHz. Kwa feni ya boksi prosesa ilikuwa inagonga digrii 100, ndo kikomo chake, ikifika hapo inajipunguza spidi yenyewe, yani nimeovakloki alafu video inatoka kwa muda uleule wa zamani na uniti za Luku zimeenda zaidi. Iliniuma sana.

Kwangu namba moja ni Thermalright Assassin X 120 Refined SE. Mnara mmoja wa mapezi ya chuma, mabomba manne ya shaba ya kubeba joto, feni ya milimita 120, kimo milimita 148 kwahiyo inaingia kwenye makasha mengi ya kawaida ya kompyuta. Marekani mara nyingi inauzwa dola 20 au chini yake. Mimi mchana ule ule wa bati imenishusha mpaka 80 na kitu kazi ikiwa imekolea, usiku inashuka zaidi. Ila kilichonifanya niiweke juu ya zote ni kwamba feni yake ni ile ya mraba ya kawaida inayokaa kwa vibanio vya waya, ikifa leo unaweka feni yoyote ya 120 ya kasha na kazi inaendelea kesho, husubiri kifurushi cha kutoka nje. Ukiwa na oda ya bwana harusi anaidai video yake hilo ni jambo kubwa kuliko digrii mbili tatu.

Namba mbili ni ndugu yake mkubwa, Peerless Assassin 120 SE, minara miwili, mabomba sita, feni mbili, kimo 155, bei kule ni dola 35 hivi. Ingekuwa uwezo wa kupoza peke yake hii ndo ingekuwa ya kwanza, na kama una prosesa ya core nane (vile viini vya kazi ndani yake) kwenda juu na umeiovakloki basi ruka ile ya kwanza chukua hii moja kwa moja. Nimeishusha kwa sababu ni nene, inafunika ramu, ramu zenye mapambo marefu zinagombana na feni ya mbele, na vumbi likijaa katikati ya minara lazima utoe feni ndo ulifikie.

Namba tatu chukua yoyote utakayoikuta kati ya DeepCool AK400 na ID-Cooling SE-214-XT, zote mabomba manne, feni moja ya 120, kazi yake inakaribiana, usipoteze wiki nzima kuchagua, tazama ipi ina bei nzuri na vyuma vyote vya kufungia. Nne ni Hyper 212 ya Cooler Master. Hii ina jina na mafundi wengi wanaijua, sio mbaya kabisa, lakini ya zamani ile EVO kuifunga ni mateso, na kwa pesa ileile unapata bora zaidi. Ukiikuta ya mtumba bei ya chini na vyuma vyake vipo, chukua.

Za kuachana nazo: zile feni bapa zenye taa za upinde wa mvua na aluminiamu tupu chini bila bomba hata moja. Bomba la shaba ndani lina maji kidogo, yanageuka mvuke kwenye prosesa, yanapanda juu, yanapoa, yanarudi, ndo kazi yote ilipo. Bila hayo una bati lenye mwanga. Na zile za kupoza kwa maji za mtumba sizishauri kabisa, pampu imeshachoka, maji yanapungua polepole kupitia mipira na nyingi hazina pa kujazia. Noctua NH-D15 ya Austria ni nzuri mno lakini ni zaidi ya dola 100, hiyo pesa kanunue ramu.

Kabla hujatuma hela fungua kasha lako pima kwa rula, kuanzia juu ya prosesa mpaka usawa wa mlango wa pembeni. Alafu jua soketi yako, yani kile kikalio cha prosesa kwenye bodi. Intel 1150, 1151 na 1200 matundu ni yaleyale lakini 1700 matundu yamepanuka kutoka milimita 75 kwenda 78, kwahiyo vyuma ni vingine. Nilishaagiza moja ya mtumba kutoka Kariakoo, imefika stendi ya Nyegezi nikaenda nayo nyumbani kwa furaha, kufungua haina chuma cha Intel, muuzaji hapokei tena simu. Mbuzi kwenye gunia. Sa hivi namwambia muuzaji atandaze kila kitu apige picha na skrubu zikiwemo, ndo natuma hela.

Kama mashine yako ni ile ndogo ya ofisini ya mtumba, hizo bodi nyingi haziruhusu kuovakloki, safisha tu na ubadilishe pesti, ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na kipoza.

Ukifunga, toa ile plastiki ya chini, watu wanaisahau. Pesti weka kiasi cha punje ya njegere. Upande wa feni wenye stika na mikono ya plastiki ndo hewa inapotokea, uelekeze nyuma ya kasha. Ikibaki juu ya 90, punguza spidi 100 MHz, yani 0.1 GHz, na volti kidogo, hutaona tofauti kwenye kazi ila kwenye joto utaiona.

Na msimu wale wadudu wadogo wa ziwani wanapokuja kama wingu la moshi, usiku funga dirisha, maana wanafuata taa, wanavutwa na feni, wanakufa wanajaa kwenye mapezi, wakichanganyika na vumbi inakuwa kama blanketi. Mimi nasafisha kila mwezi kwa bloa, mashine imezimwa, na kidole kimeshika panga la feni lisizunguke, ukiliacha lizunguke kwa nguvu ya bloa unaua beringi.