Famasi ya Chake inayouliza kabla ya kuuza

Kama mnatafuta vitamini hapa Chake Chake, Pemba, ipo famasi moja ndogo karibu na soko, mie naipa nyota tano kasoro kidogo. Nilikwenda kununua sirapu ya kuongeza damu ya mtoto wa dada yangu, bibie wa kaunta hata hajaishusha akauliza mtoto ana miezi mingapi, kapimwa damu, kapimwa malaria, anatumia dawa gani nyengine. Akaligeuza boksi akaniwekea kidole palipoandikwa miligramu za madini ya chuma kwa kila kijiko, akanambia, "Mpelekeni akapimwe damu kwanza kaka, kisha mje." Hakuuza kitu.

Wapo watakaoona anasumbua wateja. Jamani, sisi wa Pemba ndo wa mwisho kusema hivyo, maana utafiti uliotoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet 2006 ulifanywa hapahapa kwetu. Watoto wa chini ya miaka 3 walipewa chuma na foliki asidi (vitamini ya kusaidia damu) kila siku, wakati huo malaria imejaa kisiwani, wakawa wanalazwa na kufariki zaidi kuliko ambao hawakupewa, hadi upande huo wa utafiti ukasimamishwa 2003 kabla ya muda wake. Ila waliokuwa na upungufu wa chuma kweli, wakapimwa na kutibiwa malaria, chuma kiliwasaidia. Kwahiyo kupima ndo kila kitu.

Najua kuna wanaotaka mtu aachiwe anunue anachotaka, na kwa mtu mzima nakubali, mie vitamini C yangu sitaki niombwe cheti cha daktari. Lakini mjamzito atachagua vipi na vitamini A ikizidi inadhuru mtoto tumboni, na chupa yenyewe haisomeki ina kiasi gani? Marekani kwa sheria yao ya 1994 chupa hizi za vitamini zinaingia sokoni bila FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, kuzipitisha kwanza, na ndo hizohizo ndugu wanatuletea kwenye mabegi. Hapa tuna ZFDA, wakala wetu wa chakula na dawa Zanzibar, na sheria ya 2006, mie naomba wakaze kwenye lebo, kiasi kiandikwe kwa Kiswahili na kwa herufi ambazo hata bibi anaweza kuzisoma, halafu watuache tuchague wenyewe.

Kasoro za famasi, bei hazijabandikwa mpaka uulize kimoja kimoja, na Ijumaa wanafunga mapema bila kuandika chochote mlangoni.