Huduma za eabegi (mifuko ya hewa ya gari) Gerezani na Ilala, Dar es Salaam: kazi ya kulipia na kazi ya kukataa

Weka funguo kwenye ON bila kuwasha injini, kisha tazama dashibodi. Kwenye Toyota IST, Vitz au Passo iliyo nzima, taa nyekundu ya SRS, yaani ya mfumo wa eabegi, ile yenye mtu aliyekaa na duara mbele ya kifua, huwaka kwa sekunde 6 hivi halafu inazima yenyewe. Isipowaka kabisa, shuku kwamba balbu imeng'olewa. Ikisubiri hadi injini iwake ndipo izime, shuku kwamba imeungwa kwenye taa ya oili. Mbinu zote mbili zipo mjini, na anayeuziwa gari haambiwi.

Kazi inayostahili sifa ni kubadilisha utepe wa waya ulio nyuma ya usukani. Umejikunja kama springi ya saa na unapeleka umeme kwenye eabegi huku usukani ukizunguka. Gari la miaka 15 linalokata kona za Kariakoo kutwa nzima, utepe huo huchoka ukakatika. Taa ya SRS haizimi tena, na mara nyingi honi inakufa pamoja nayo. Fundi anayejua hunyoosha matairi kwanza, akatoa waya hasi wa betri na kusubiri angalau sekunde 90, maana kontrol boksi, kompyuta ndogo inayoamuru eabegi ifyatuke, hutunza umeme wa akiba wa kufyatua eabegi hata betri ikikatika kwenye ajali. Kisha anazungusha utepe mpya taratibu hadi ukwame, anaurudisha mizunguko 2 na nusu hivi mpaka alama zikutane. Ukifungwa bila kuwekwa katikati, utakatika siku ya kwanza utakapokata usukani hadi mwisho. Ukimwona anachomoa soketi za njano za eabegi wakati funguo iko ON, chukua gari lako uondoke.

Kazi ya kukataa ni ile inayoitwa "kuzima taa". Kontrol boksi hukagua kiwashio cha kila eabegi muda wote, na hutegemea kukuta ukinzani wa umeme wa omu 2 au 3 hivi. Fundi anachomeka rezista ndogo (kipande chenye ukinzani) ya kiasi hicho kwenye soketi ya njano, boksi linaridhika, taa inazima kama kawaida. Hata mashine ya kupimia haioni kosa. Ndiyo maana kwenye gari lililowahi kugonga, mwombe fundi afungue boliti za nyota zilizo pembeni mwa usukani na ageuze pedi, yaani kifuniko cha katikati ya usukani, uone kwa macho: mtungi wa chuma wa kujazia eabegi wenye lebo na nambari, na soketi imekaa. Ukikuta kifuniko kitupu, umeuziwa plastiki.

Siku ya ajali hakuna nafasi ya kusahihisha. Gari likigonga kwa mbele, sensa huhisi jinsi mwendo ulivyokatika ghafla, boksi linatuma umeme, kemikali iliyo kwenye mtungi inaungua, na gesi inaujaza mfuko ndani ya takribani sekunde 0.03 hadi 0.05. Papo hapo gesi inaanza kutoka kwenye matundu ya mfuko, ili kichwa kizame badala ya kudunda. Hesabu hiyo yote imepigwa kwa mtu aliyefunga mkanda na kukaa angalau sentimita 25 kutoka katikati ya usukani. Asiyefunga mkanda hurushwa mbele akakutana na mfuko ungali unapasuka kutoka, na kipigo hicho kinaweza kuua.

Eabegi ya mtumba tunaikubali kwa shingo upande. Mitungi ya kampuni ya Takata yenye kemikali ya amonia nitreti isiyo na kikausha unyevu ilidhoofishwa na joto, unyevu na miaka, ikawa inapasuka na kurusha vipande vya chuma. Magari ya mamilioni yaliitwa kurekebishwa, na kampuni ikafilisika 2017. Kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam, hilo si jambo la kupuuza. Kabla ya kununua, tafuta nambari ya chesisi ya gari ilikotoka na uiangalie kwenye ukurasa wa marekebisho wa mtengenezaji. Muuzaji asiyejua ilikotoka, usinunue kwake.

Dashibodi iliyozibwa kwa faiba nayo ikatae, hata ikipakwa rangi ikang'aa. Chini ya dashibodi halisi upande wa abiria kuna mstari dhaifu uliokusudiwa kuchanika. Ukizibwa, mfuko unachelewa au unatokea pasipo pake, na vipande vya faiba vinamrukia abiria usoni.

Gari lililofyatua eabegi linahitaji pia kontrol boksi na mikanda ya mbele. Vikaza mkanda hulipuka mara moja tu, na mkanda wake hubaki umekwama au umelegea. Wengi hufuta kumbukumbu ya ajali kwenye boksi kwa laptopu na kulirudisha. Watengenezaji hutaka libadilishwe.

Mwisho, dai risiti iandikwe nambari ya kila mtungi uliofungwa, na uilinganishe na lebo kabla pedi haijafungwa.